Jinsi ya kusafisha skrini ya TV nyumbani bila kuiharibu

TV iliyokaa na vumbi miezi mingi hurudi kung'aa kwa nusu saa ya kazi ya taratibu. Iliyosuguliwa dakika moja kwa kitambaa chenye mchanga, au iliyopulizwa dawa ya kusafishia madirisha, hubaki na baka lake hadi siku inapotolewa nyumbani. Paneli mpya mara nyingi huuzwa kwa bei inayokaribia ile ya TV nzima, kwa hiyo ukimpelekea fundi skrini iliyoliwa na kemikali hana la kukufanyia zaidi ya kukupa pole. Ndiyo sababu mwongozo huu unakwenda polepole. Nazungumzia zaidi TV bapa za LED, ambazo ndizo zimeenea majumbani, pamoja na OLED. TV za chogo bado zipo katika nyumba nyingi, nazo nimezitengea nafasi huko mbele.

Uso wa skrini umetengenezwa na nini

Simu yako ina kioo kigumu juu kabisa. TV ya LED haina. Uso wake wa mbele ni utando wa plastiki uitwao polaraiza, uliobandikwa juu ya kioo chembamba cha paneli. Utando huo ndio unaochuja mwanga ili picha ionekane. Ukiubandua, TV itawaka weupe mtupu. Juu yake kiwanda hupaka tabaka jingine jembamba sana, ama la kupunguza mwako wa dirisha na taa, ama la kuipa plastiki ugumu kidogo. Tabaka hilo ndilo linalokwaruzika na ndilo linaloliwa na kemikali, na hakuna mtu anayeweza kulipaka upya nyumbani.

Chini ya polaraiza kuna vioo viwili vyembamba vilivyobana kimiminika chenye fuwele. Kama uliwahi kugusa skrini kwa kidole ukaona picha inacheza na kutoa mawimbi ya rangi, uliona kimiminika hicho kikisukumwa. Nguvu ikizidi, hasa ikitoka kwenye ncha ya kidole, kioo cha ndani kinaweza kupasuka huku uso wa nje ukibaki mzima bila hata mkwaruzo. OLED haina taa za nyuma, kila nukta hujiwakia yenyewe, na paneli yake ni nyembamba kiasi kwamba baadhi ya TV hizo zina unene wa milimita chache tu upande wa juu. Ukiisukuma, inapinda.

Kisha kuna ukingo wa chini, ambao watu wengi hawaufikirii kabisa. Katika TV nyingi, ndani ya fremu ya chini hupita nyaya bapa nyembamba na vipande vya saketi vinavyoendesha mistari ya picha. Maji yakipulizwa katikati ya skrini huteleza chini, huingia kwenye mwanya kati ya skrini na fremu, na hutua papo hapo juu ya saketi hizo. Siku ya kwanza huenda usione kitu. Baadaye unatokea mstari wa wima, kisha mingine, kisha upande mzima wa picha unapotea. Mtu anasema TV imeharibika yenyewe, kumbe ilianza siku ile ya usafi wa sikukuu. Kama utakumbuka jambo moja tu kutoka hapa, liwe hili: maji hupakwa kwenye kitambaa, kamwe hayapulizwi kwenye skrini.

Vifaa

Unahitaji vitambaa viwili vya maikrofaiba, vile laini vinavyouzwa supamaketi na kwenye maduka ya vifaa vya magari. Kitambaa cha kufutia miwani ni cha aina hiyohiyo, ila ni kidogo. Kwa TV ya inchi 32 kitakuchosha na kwa ya inchi 55 hakitafaa. Nunua vipya na uvitenge kwa kazi hii pekee. Kitambaa kilichofuta gari hata mara moja kimeshabeba mchanga, na mchanga ulionasa kwenye nyuzi hautoki wote kwa kufua.

Kabla ya kuvitumia mara ya kwanza, vifue peke yake kwa sabuni kidogo ya maji, suuza mpaka povu liishe, anika kivulini pasipo vumbi. Usitie dawa ya kulainisha na kunukiza nguo. Dawa hiyo huacha ute wa mafuta kwenye nyuzi, na ute huo ndio utakaouona kama ukungu kwenye skrini baadaye. Usivifue pamoja na taulo pia, maana vitaokota nyuzinyuzi zake zote.

Kipande cha kanga ya zamani kilichofuliwa mpaka kikalainika kinaweza kukausha unyevu mwishoni, mradi ukate pindo zake. Kwa vumbi hakifai: pamba husukuma chembe za mchanga juu ya plastiki, wakati maikrofaiba huzinasa na kuzibeba. Gazeti, ambalo wengi wetu tumelelewa tukiliona likisafisha madirisha na vioo vya kabati, liache hukohuko kwenye madirisha. Tishu na karatasi za jikoni zimetengenezwa kwa nyuzi za mti. Zinakwaruza plastiki na kuacha manyoya. Fulana kuukuu nayo ina hatari yake, kwa sababu ya mishono na michoro iliyobandikwa kifuani.

Tafuta pia brashi moja yenye nywele laini sana. Brashi mpya ya vipodozi inafaa, au brashi mpya ya rangi ya ukutani yenye nywele nyororo.

Suala la maji linastahili maelezo marefu kidogo, hasa kwa walioko pwani. Maji ya visima vingi vya Dar es Salaam na Mombasa yana chumvi. Yakikauka kwenye skrini huacha madoa meupe, na mtu akiyaona hurudi kusugua tena kwa maji yaleyale na nguvu zaidi. Kuyachemsha hakusaidii, kwani chumvi haiondoki kwa moto. Tumia maji ya chupa ya kunywa, au maji ya mvua uliyokinga katikati ya mvua, baada ya paa kujiosha, ukayachuja kwa kitambaa safi. Yanayofaa kuliko yote ni maji yaliyokenekwa, yale yanayouzwa vituo vya mafuta na maduka ya vipuri kwa ajili ya kuongezea kwenye betri za gari. Lakini soma lebo mara mbili. Madukani jina la "maji ya betri" hutumika pia kwa asidi ya kujazia betri mpya, na asidi hiyo inaunguza ngozi, macho na kila kitu kilichopo mezani. Kama chupa haina lebo inayosomeka, usiinunue.

Mwisho ni sabuni. Tone moja au mawili ya sabuni ya maji ya kuoshea vyombo katika nusu lita ya maji yanatosha. Sabuni ya unga ina chembe na ina ukali wa magadi. Sabuni ya mche vilevile ni kali na huacha utando mweupe.

Vitu vya kuviweka mbali

Dawa nyingi za kusafishia madirisha zina amonia au alkoholi. Zimetengenezwa kwa kioo, na mbele ya TV yako ni plastiki. Dawa ya kufutia rangi ya kucha ina asetoni, ambayo huyeyusha aina nyingi za plastiki. Tina, petroli na mafuta ya taa visikaribie kabisa. Spiriti na vitakasa mikono vimezoeleka sana tangu janga la UVIKO-19, na watu waliokuwa wakifutia simu zao wakahamia kwenye TV. Kitakasa mikono kina alkoholi nyingi, na mara nyingi kina gliserini ambayo hubaki usoni kama ute. Siki hutajwa sana kama dawa ya asili. Ni asidi, hata kama ni hafifu, na kwa kuwa maji yenye tone la sabuni yanafanya kazi ileile bila hatari hiyo, sioni sababu ya kuitia siki kwenye TV.

Vitambaa vyenye unyevu vya kufutia watoto vina losheni. Skrini itaonekana safi ikiwa imelowa, kisha ikikauka utaona mistari ya mafuta kila upande. Jik na dawa nyingine za kung'arisha nguo hazina mjadala.

Dawa ya meno, inayosifiwa kwamba inaondoa mikwaruzo, ni unga wa kusugulia uliotiwa povu. Inapunguza mkwaruzo mmoja kwa kutengeneza maelfu madogo kuuzunguka, na kwenye skrini isiyong'aa itakuachia duara linalometa ambalo utaliona kila giza likiingia kwenye picha.

Na kuna dawa ya mbu. Vitabu vya maelekezo vya Sony vinaitaja dawa ya kuua wadudu pamoja na alkoholi, benzini na tina kati ya vitu visivyotakiwa kwenye skrini. Sisi tunapuliza sebuleni karibu kila jioni. Puliza kuelekea kwenye pembe na nyuma ya makochi, mbali na TV, na ikiwezekana TV iwe imezimwa, imepoa na imefunikwa.

Kazi yenyewe

Panga usafi wa TV uwe wa mwisho sebuleni. Ukiifuta kwanza halafu ukafagia na kukung'uta mazulia, umejichosha bure. Fagia, piga deki, kisha uache vumbi litulie kama saa moja. Zima feni ya dari.

Zima TV na uchomoe plagi ukutani. Kuzima kwa rimoti peke yake hakutoshi, kwa sababu TV inabaki ina umeme ndani. Ikiwa ni OLED na ilikuwa ikitazamwa kwa saa nyingi, izime kwa rimoti kwanza, uiache kama robo saa ndipo uchomoe. TV hizi hufanya marekebisho ya nukta zake zenyewe baada ya kuzimwa, na ni vizuri zimalize. Hata LED ya kawaida iache ipoe. Skrini yenye joto hukausha unyevu haraka mno na kuacha michirizi, na skrini nyeusi iliyozimwa huonyesha uchafu vizuri kuliko yenye picha. Bakuli la maji liwe juu ya stuli upande mmoja, mbali na ekstensheni iliyolala sakafuni.

Hakikisha TV imesimama imara. Nyingi za sasa zina miguu miwili myembamba kwenye ncha, na hupinduka kirahisi ukizisukuma kutoka mbele. Tumia mkono mmoja kushika fremu kwa nyuma wakati mwingine unafuta, na watoto wasiwe chini yake. Usiilaze TV kifudifudi kitandani ili kuisafisha kwa raha. Uzito wake wote utaangukia uso wa paneli. Kama imetundikwa juu sana, panda kitu kisichoyumba, maana mtu anayepepesuka hushika kilicho karibu, na kilicho karibu ni skrini.

Washa tochi ya simu na uimulike skrini kutoka ubavuni. Kwa mwanga wa pembeni utaona kila kitu: vumbi limekaa wapi, alama za vidole ziko wapi, madoa magumu ni yapi. Tazama vizuri sasa, kwa sababu hatua inayofuata inategemea ulichokiona.

Anza na vumbi, na lianze kuondoka bila kusuguliwa. Pitisha brashi laini kutoka juu kwenda chini, kwa uzito wa brashi yenyewe tu, ukimalizia kwenye mwanya wa fremu ya chini ambako mchanga hujikusanya. Kwa wanaoishi kando ya barabara za vumbi jekundu, Dodoma, Singida, Tabora na kwingineko, hatua hii ndiyo inayookoa skrini. Vumbi la barabarani lina chembe za mchanga, na mchanga chini ya kitambaa ni msasa. Usipulize kwa mdomo, utanyunyiza mate. Usiazime pia mashine ya kujazia upepo ya fundi pancha, kwa sababu upepo wake mara nyingi hutoka na maji na mafuta.

Kisha chukua kitambaa kikavu cha maikrofaiba, kikunje mara mbili. Umepata pande nane za kufutia ukizigeuza moja baada ya nyingine. Weka kiganja kizima nyuma ya kitambaa, vidole vikiwa vimelegea, uanze kona ya juu. Futa kwa mistari iliyonyooka kutoka upande mmoja hadi mwingine, kila mstari ukipita kidogo juu ya uliotangulia, ukishuka hadi chini. Wengine hupendelea kuzungusha. Mimi nachagua mstari ulionyooka kwa sababu unalipeleka vumbi nje kwenye ukingo, wakati kuzungusha kunalirudisha palepale ulipokwishafuta. Upande wa kitambaa ukichafuka, geuza. Ukiona rangi ya udongo kwenye kitambaa, rudi kwenye brashi, maana vumbi bado ni jingi.

Mulika tena. Mara nyingi kazi imeisha hapa, na ikiwa imeisha, acha. Unyevu ni kwa ajili ya kilichogoma kutoka kwa ukavu, basi.

Kama kuna mafuta au alama za vidole, lowesha kitambaa cha pili kwa maji matupu na ukikamue kwa nguvu zako zote. Kisha kikamue tena. Kipimo ni hiki: kigusishe nyuma ya mkono wako. Unapaswa kuhisi ubaridi, lakini ngozi isibaki na maji yanayoonekana. Futa kwa mistari ileile, bila kubonyeza, ukiacha upana wa kidole kutoka ukingo wa chini. Usilowanishe skrini nzima kwa mkupuo; fanya robo moja, ikaushe kwa kitambaa kikavu, ndipo uende robo nyingine.

Mafuta yakibaki, hasa kwenye nyumba ambazo jiko na sebule ni chumba kimoja, sasa ndipo sabuni inapoingia. Chovya kona ya kitambaa kwenye maji yenye lile tone la sabuni, kamua vilevile, futa sehemu yenye mafuta peke yake. Pita tena kwa kitambaa chenye maji matupu ili kuondoa sabuni, kisha kausha. Wanaochoma ubani na udi kila siku watakuta utando wa njano hafifu kwenye kitambaa. Huo ni moshi, na huenda ukahitaji kurudia mara mbili au tatu. Kurudia kwa wepesi ni bora kuliko kusugua mara moja kwa nguvu.

Ukingo wa chini ule uliouacha umalizie kwa kitambaa chenye unyevu kidogo zaidi ya hewa, yaani kilichokaribia kukauka, ukifuta kwa kwenda pembeni na si kwa kushuka kwenye mwanya.

Iache TV dakika 30 kabla ya kurudisha plagi. Wakati wa mvua au kwenye unyevunyevu wa pwani, saa nzima si nyingi.

Madoa sugu

Kinyesi cha mjusi na cha nzi ndiyo madoa yanayowashinda watu kwa sababu yanakauka yakawa magumu, na mkono wa kwanza hukimbilia ukucha. Usikwangue. Weka kipande kidogo cha kitambaa chenye unyevu juu ya doa na ukishikilie hapo kwa wepesi kwa dakika moja au mbili, ukihakikisha hakidondoshi. Doa likilainika, linyanyue kwa kitambaa badala ya kulisambaza. Likibaki, rudia. Mjusi hupenda TV kwa joto na kwa wadudu wanaofuata mwanga, kwa hiyo TV iliyo chini kabisa ya taa ya ukutani itachafuka zaidi ya nyingine.

Gundi ya stika ilainishe kwa maji ya sabuni kwa namna hiyohiyo, ukirudia kwa siku kadhaa ikibidi. Rangi ya ukuta ya maji ikiwa bado mbichi hutoka kwa kitambaa chenye unyevu. Ikikauka, jaribu kulainisha na uridhike na kitakachotoka. Wino wa kalamu ya mtoto mara nyingi hautoki wote kwa sabuni, na hapo ndipo mtu hushawishika kuchukua spiriti. Fikiria kwanza: mstari mfupi wa wino hauonekani sana ukiwa umekaa kwenye kochi hatua tatu mbele. Baka la tabaka lililoyeyuka litaonekana kila tamthilia ikiwa na usiku.

Kuna doa ambalo si la kufuta. Baada ya mvua za kwanza, vidudu vidogo sana hufuata mwanga wa TV na vingine huingia kupitia matundu hadi kati ya paneli na taa za nyuma. Unaona kijidudu kinatembea ndani ya picha. Usikibonyeze kamwe! Kikifia hapo kitabaki kama nukta nyeusi ya kudumu, na kukitoa ni kufungua paneli nzima. Zima TV, zima taa za chumba, weka tochi ikiwaka pembeni mwa fremu, uondoke. Mwanga uliomvuta kuingia unaweza kumvuta kutoka.

Nukta isiyobadilika rangi kwa kufuta wala kwa kusubiri ni nukta iliyokufa kwenye paneli. Kitambaa hakiiwezi, iache.

TV ya chogo

Hii mbele ina kioo kinene halisi, kwa hiyo haikwaruziki kirahisi. Huvuta vumbi kuliko zote kwa sababu uso wake hujaa chaji ya umeme tuli, ule unaosimamisha nywele za mkono ukiusogelea. Izime, chomoa, subiri, futa kwa kitambaa chenye unyevu. Hatari yake iko nyuma. Mrija wa picha wa TV ya rangi hufanya kazi kwa volti 20,000 na zaidi, na chaji hiyo inaweza kubaki ndani hata baada ya kuchomolewa. Usifungue mfuniko wa nyuma ili kutoa vumbi au mende. Mpe fundi anayejua kuiondoa chaji hiyo kwanza. Onyo hili linahusu pia TV bapa, ambazo kapasita zake, yaani vifaa vya ndani vinavyohifadhi chaji, hushika zaidi ya volti 300.

Nyuma, rimoti na kufunika

Matundu ya hewa ya nyuma yakizibwa na vumbi, joto linabaki ndani na vifaa huchoka mapema. Pitisha brashi kavu kwa nje tu, au tumia mashine ya kunyonya vumbi yenye kichwa cha brashi kwa nguvu ndogo. Usiingize kitu ndani ya tundu, iwe njiti au waya. Ukikuta msururu wa sisimizi ukiingia na kutoka, usipulize dawa humo. Mwite fundi aifungue.

Rimoti ndiyo chafu kuliko vyote, maana kila aliyetoka kula huishika. Toa betri, ifute kwa kitambaa chenye maji ya sabuni kilichokamuliwa, safisha katikati ya vitufe kwa mswaki laini mkavu, iache ikauke.

Kitambaa cha kudarizi kinachofunika TV ni desturi nzuri, kinazuia vumbi na dawa ya mbu. Sharti ni kwamba TV iwe imeshapoa ndipo ifunikwe, na kisining'inie juu ya matundu ya nyuma wakati inawaka. Kifue kila wiki, la sivyo kinakuwa chenyewe chanzo cha vumbi.

Kwa nyumba iliyo karibu na barabara ya vumbi, futa kwa ukavu mara moja kwa wiki. Ghorofani au kwenye bustani yenye miti, wiki mbili hadi tatu zinatosha. Unyevu utumie pale tu unapoona alama kwa macho.

Maji yakiingia

Mtoto amerusha kikombe, au dari imevuja, au mtu amepuliza kabla hujamwahi. Zima umeme kwenye soketi kabla ya kuigusa TV. Kama soketi yenyewe imelowa, zima kwenye swichi kuu ya nyumba. Chomoa plagi, chomoa waya wa king'amuzi na wa antena. Futa maji ya nje, ukianzia ukingo wa chini. Iache TV imesimama wima kama ilivyo: ukiilaza au kuigeuza, maji yaliyo kwenye fremu yatasambaa hadi kwenye saketi ambazo hayajazifikia. Usitumie mashine ya kukaushia nywele, joto lake linaweza kubandua utando wa mbele, wala usiianike juani. Iweke mahali penye upepo, feni ikipuliza kutoka mbali.

Usiiwashe kujaribu kama imepona. Maji pamoja na umeme ndiyo huunguza saketi; maji peke yake, yakikauka mapema, mara nyingi huacha nafasi ya matengenezo. Kama kilichoingia ni soda, chai au maji ya chumvi, hata kikikauka kimeacha sukari au chumvi itakayokula shaba ya saketi polepole. Mpelekee fundi siku hiyohiyo, TV ikiwa haijawashwa, na umwambie ukweli ni kitu gani kilimwagika, upande upi, na saa ngapi.